Kasongo na Kabambare hazina farasi, lakini washindani wapo

Kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wanaoishi na Ulemavu, tunaona picha zile zile katika miji yetu. Baneri imetundikwa, viongozi wamekaa mbele chini ya hema, na watu wenye magongo na kinga za magurudumu matatu wamepangwa pembeni juani. Hotuba zinasomwa. Baadaye sabuni inagawanywa, kilo chache za mchele, pengine na kitenge kwa akina mama. Jioni kila mtu amerudi kwake, na mambo yanangoja mwaka ujao.

Mwenye njaa hakatai mchele, na mimi sitamzuia mtu kuutoa. Lakini ukiangalia vizuri utaona kwamba siku nzima imepita bila mtu yeyote kati ya wale waliokaa juani kuulizwa: wewe unaweza nini? Ameitwa ili apewe, hakuitwa ili aonyeshe.

Hoja yangu ni hii. Mtu anayeishi na ulemavu, au na ugonjwa mzito usiopona, anahitaji pia nafasi ya kushindana: apimwe kwa kanuni zinazomfaa, ashinde, na hata ashindwe kama wengine. Kasongo na Kabambare zinaweza kutoa nafasi hiyo mwaka huu huu, tena kwa pesa kidogo. Ili nieleweke, nitachukua mfano kutoka mchezo ambao huku kusini mwa Maniema haupo kabisa: mashindano ya kupanda farasi.

Mwanamke aliyepandishwa jukwaani

Lis Hartel alikuwa mpanda farasi wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa na miaka 23 na mimba tumboni, alipatwa na polio. Mtoto alizaliwa salama, lakini mama alibaki amepooza. Alianza upya kama mtoto mchanga: kutambaa kwanza, kisha kusimama, kisha kutembea kwa magongo. Kuanzia magotini kwenda chini miguu haikurudi tena, na kila alipotaka kupanda farasi ilibidi watu wamwinue.

Mwaka 1947 alirudi kwenye mashindano ya nchi za Skandinavia na akawa wa pili. Lakini mlango wa Olimpiki ulikuwa umefungwa, tena si kwa sababu ya polio. Mchezo wake, unaoitwa dresaji, ambapo mpandaji anaongoza farasi katika hatua na mizunguko iliyopangwa huku waamuzi wakitoa alama, ulikuwa wa maofisa wa jeshi peke yao. Mwanamke hakuruhusiwa, raia hakuruhusiwa. Kanuni ilibadilishwa kwa ajili ya Olimpiki ya Helsinki ya 1952. Hartel akaingia, akashindana na wanaume wenye miguu mizima, akachukua medali ya fedha. Mshindi wa dhahabu, Henri Saint Cyr wa Sweden, alimsaidia kupanda jukwaani. Miaka minne baadaye, mwaka 1956 huko Stockholm, alichukua fedha tena.

Watu hupenda kuisimulia habari hii kama muujiza wa moyo wa mtu mmoja. Moyo ulikuwepo, ni kweli. Lakini moyo huo huo alikuwa nao tangu 1947, na ulikaa ukingoja hadi 1952. Kilichobadilika katikati ni kanuni iliyoandikwa kwenye karatasi. Msomaji wa Kasongo na akumbuke hilo kabla ya kusema kwamba watu wetu wenye ulemavu hawana moyo.

Kanuni zinazopima haki

Leo dresaji ya watu wenye ulemavu ni mchezo kamili wa Paralimpiki, na imekuwa hivyo tangu Atlanta 1996. Jinsi inavyopangwa ndiyo inanivutia zaidi kuliko medali zenyewe.

Kabla ya mashindano, wataalamu wa afya wanampima kila mpandaji: mikono ina nguvu kiasi gani, mgongo unashika vipi, macho yanaona nini. Halafu anawekwa katika daraja moja kati ya matano. Daraja la kwanza ni la wenye ulemavu mkubwa zaidi, na farasi wao anatembea tu, hakimbii. La tano ni la wenye ulemavu mdogo, na farasi anaenda mbio za taratibu. Mtu mwenye ugonjwa unaozidi mwaka baada ya mwaka anapimwa tena, na kama mwili umepungukiwa nguvu, daraja linabadilika. Wanaume na wanawake wanashindana pamoja.

Vifaa vya kusaidia vinaruhusiwa pia. Asiye na nguvu mkononi anaweza kushika hatamu kwa namna nyingine. Mguu unaoteleza unafungwa kwa mpira kwenye kikanyagio. Asiyeona anawekewa watu wa kumwitia herufi za uwanja kwa sauti ili ajue amefika wapi. Hakuna anayesema kwamba huyo ameibia wengine. Wote wanajua kwamba kifaa kinaondoa kikwazo, na kazi ya kumwongoza farasi inabaki kwake mwenyewe.

Afrika nayo imeonja ushindi huo. Philippa Johnson wa Afrika Kusini, aliyepata ulemavu baada ya ajali ya gari, alipata medali ya dhahabu na ya fedha katika Paralimpiki ya 2008. Pale uwanjani waamuzi hawakuwa na alama ya huruma ya kumpa.

Mbung'o na kinga

Kwetu farasi hawapo, na sababu inajulikana: mbung'o. Nzi huyu, anayewaletea watu ugonjwa wa malale, anawaua farasi kwa ugonjwa wa aina hiyo hiyo. Ndiyo maana katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji, ikapitia Kabambare hadi Kasongo ya Tippu Tip na Nyangwe kwenye Lualaba, ilitegemea vichwa na mabega ya watu. Pembe za ndovu zilibebwa na watu, na wabebaji wengi walikuwa watumwa.

Katika nchi ya namna hiyo, mguu ukikataa, maisha yanasimama. Mwaka 1870 David Livingstone mwenyewe alikwama Kabambare, mahali alipopaandika Bambarre, kwa miezi mingi kwa sababu ya vidonda vya miguu. Yule mzungu aliyezunguka nusu ya bara alikaa akingoja miguu ipone, kwa maana hapakuwa na mnyama wa kumbeba.

Farasi wetu alikuja baadaye, na ni wa chuma. Ni kinga. Kinga ndiyo inayobeba mchele, mafuta ya mawese na wagonjwa kwenye njia zetu ambako gari linazama kwenye matope. Na kwa asiye na miguu kuna kinga ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo fundi wa kuunganisha vyuma anaweza kuitengeneza kwa vipande vya kinga za zamani.

Wakongo wenye ulemavu wameshaonyesha wanachoweza kufanya na chombo hicho. Kwenye mpaka wa Goma, na kwenye bandari ya Kinshasa inayotazama Brazzaville, wamevusha mizigo ya biashara kwa miaka mingi juu ya kinga hizo. Huko Kinshasa, wanamuziki wenye polio walianzisha kundi la Staff Benda Bilili, wakipiga muziki wakiwa juu ya kinga zao, na mwaka 2010 filamu juu yao ilionyeshwa Cannes, Ufaransa. Anayeiongoza kinga iliyojaa mizigo kwa nguvu za mikono katika njia ya mashimo, tayari ni mwanamichezo. Anakosa mstari wa kuanzia, saa ya kupima na mtu wa kuandika jina lake.

Tunaowazungumzia ni nani?

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Huku kusini mwa Maniema hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Kuna watoto wa polio. Juni 2017 mripuko wa polio ulithibitishwa katika majimbo ya Maniema na Haut-Lomami, wa ile aina inayojitokeza pale ambapo watoto wengi hawakufikiwa na chanjo. Februari 2018 serikali ikautangaza kuwa dharura ya afya ya umma. Watoto waliopooza wakati ule sasa wamefika umri wa shule. Kuna waliopigwa risasi katika vita vya Kabambare, upande wa Salamabila na kwingineko: vijana wa Mai-Mai, askari, na raia waliokutwa na risasi wakienda shambani. Kuna waliokatwa mguu kwa sababu ya kisukari au kidonda kilichofika hospitali kikiwa kimechelewa. Kuna walioponywa malale lakini akili na viungo havikurudi vyote.

Ni wangapi? Hesabu ya mwisho ya watu katika nchi hii ilifanyika mwaka 1984. Zaidi ya miaka arobaini tunapanga mambo ya watu bila kuwahesabu, na asiyetoka nyumbani ndiye wa kwanza kusahauliwa. Mashindano hayawezi kuchukua nafasi ya hesabu ya serikali, lakini yanamtoa mtu ndani ya nyumba na kumwandika kwenye daftari: jina, umri, kijiji, aina ya ulemavu. Daftari hilo lingekuwa na faida hata kama hakuna ambaye angepata kombe.

Na wasituambie kwamba vipaji havipo. Kongo ilishiriki Paralimpiki kwa mara ya kwanza London 2012, ikiwa na wanamichezo wawili. Mmoja wao, Dedeline Mibamba Kimbata, alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu kabla bomu la ardhini halijamkata miguu. Kiti cha kisasa cha mashindano alikipata huko huko London, kwa msaada wa Anne Wafula Strike, mzaliwa wa Kenya aliyepooza kwa polio utotoni na kuja kuwa mkimbiaji wa kiti cha magurudumu. Angalia jambo hilo linasema nini: nchi ya mamilioni ya watu ilimpeleka binti yake kwenye mashindano makubwa kuliko yote, na chombo cha kushindania akakipata mlangoni, mkononi mwa mgeni. Kwa mtu wa Kabambare, kijijini kwake hata hatua ya kwanza ya safari hiyo haijawekwa.

Kitu gani kifanyike

Hatuhitaji farasi, wala hatuhitaji kungoja mradi kutoka Kinshasa. Kuna michezo mitatu ambayo Kasongo na Kabambare zinaweza kuianzisha kwa vitu vilivyopo.

Wa kwanza ni voliboli ya kukaa. Wachezaji sita kila upande wanakaa chini, na uwanja ni mita 10 kwa 6, mdogo kuliko uwanja wa shule yoyote. Wavu unafungwa kwenye urefu wa mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Kamba, miti miwili, mpira mmoja na mchanga laini vinatosha.

Wa pili ni mpira wa miguu wa waliokatwa viungo. Timu ina watu saba: sita wa uwanjani wanacheza kwa mguu mmoja na magongo, na kipa ana mkono mmoja. Jirani yetu Tanzania alipokea Kombe la Afrika la mchezo huo Dar es Salaam mwaka 2021, na mwaka 2022 timu yake, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia huko Uturuki.

Wa tatu ni mbio za kinga za mikono, na hapa ndipo somo la farasi linatufaa. Usimweke mwenye mikono miwili yenye nguvu pamoja na mwenye mkono mmoja, halafu ukasema wa kwanza ndiye bora. Weka madaraja mawili au matatu. Daktari wa zoni ya afya na wauguzi wake wawapime washiriki, waseme nani aingie wapi, na nani asiingie kabisa kwa sababu moyo wake au kidonda chake hakiruhusu. Kilometa moja au mbili za barabara zisafishwe. Tarehe 30 Juni, siku ya uhuru, mji mzima unakuwa barabarani, kwa hiyo watazamaji hawahitaji kuitwa.

Shuleni napo kuna kazi. Saa ya michezo ikifika, mtoto mwenye mguu uliopooza anaambiwa akae chini ya mwembe achunge nguo na viatu vya wenzake. Mwalimu hana ubaya moyoni, anaogopa tu mtoto asiumie. Lakini mtoto huyo anajifunza somo moja kila wiki kwa miaka sita: kwamba kazi yake duniani ni kuchunga viatu vya wanaocheza. Voliboli ya kukaa ingemrudisha uwanjani, na wenzake wenye miguu mizima wangekaa chini wacheze naye.

Wanaosema bado

Nasikia watakaonijibu. Wa kwanza atasema: kwanza usalama, kwanza barabara, kwanza dawa hospitalini. Jibu hili lina uzito. Kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilometa 200 za mateso, na wapo watu Kabambare wanaolala porini wakiogopa wenye silaha. Lakini mbona "kwanza" hiyo haijawahi kusimamisha ligi ya mpira ya vijana wenye miguu miwili? Hata katika miezi mibaya mpira unachezwa na watu wanashangilia. Foleni ya kungoja amani inawekwa kwa walemavu peke yao.

Wa pili atasema: watu watawacheka. Ndiyo, siku ya kwanza watacheka. Mtu anachekwa zaidi akiburuzwa kwenye sherehe bila mpangilio, apewe zawadi kwa sababu tu amefika. Palipo na mwamuzi, mistari na saa, kicheko kinakata haraka, kwa maana watazamaji wanaanza kubishana nani atashinda.

Wa tatu atasema kwamba vita vimetuachia chuki, na kuwakusanya waliojeruhiwa wa pande zote ni hatari. Hapa nitataja mfano wa Rwanda. Najua jina hilo linaamsha hasira kwa msomaji wa mashariki ya Kongo, na hasira hiyo ina sababu zake. Lakini timu ya voliboli ya kukaa iliyotoka huko kwenda London 2012 ilikuwa na wanaume wawili waliopigana pande tofauti katika vita vyao, kila mmoja akapoteza mguu, na wakaja kucheza upande mmoja wa wavu. Kama ni jambo zuri, tusiliache kwa sababu ya jirani aliyelifanya. Programu ya P-DDRCS, iliyoanzishwa mwaka 2021 kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya raia, ingeweza kuweka uwanja mmoja wa namna hiyo Kabambare. Kijana aliyeacha bunduki na mguu porini anahitaji mahali pa kuwa mtu tena.

Sheria iko upande wetu

Si jambo la kuomba. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2006 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yake. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na ibara yake ya 30 inazungumza wazi juu ya kushiriki michezo. Tarehe 3 Mei 2022 ikaja sheria ya kikaboni namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Karatasi tunazo tatu. Hartel alihitaji moja tu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasimamizi wa wilaya za Kasongo na Kabambare, kwa gavana kule Kindu na kwa wabunge wetu wa jimbo, ni dogo na linapimika. Katika programu ya 30 Juni ijayo andikeni mstari mmoja: mbio za kinga za mikono, madaraja mawili, wanaume na wanawake. Katika bajeti ya sherehe tengeni pesa ya matairi, minyororo na maji ya kunywa. Muiteni daktari wa zoni wiki moja kabla. Na vyama vya watu wenye ulemavu wakae kwenye kamati inayopanga, wala wasiitwe tu siku ya sherehe wakae juani.

Mchele wa 3 Desemba ubaki kama upo. Lakini 30 Juni hiyo nataka tuandike katika habari jina la mshindi wa Kasongo na la mshindi wa Kabambare, na dakika walizotumia. Na nataka aliyekuwa wa mwisho akasirike, arudi nyumbani akaze minyororo yake, na aseme mwaka ujao tutaonana.